Malezi ya Sokwe wa Gombe na Lawama za Akina Mama

Wahenga wetu hawakuacha kitu katika suala la malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huku kwetu Tandika na Mbagala, na kule kwa wenzetu wa Manzese na Mwananyamala, methali hizi hazikubaki kwenye madaftari ya shule. Zinatumika uani kila siku. Mtoto akidokoa mboga ya mpangaji mwingine utasikia: "Huyo hana malezi!" Mtoto akidhoofu, miguu ikawa myembamba na nywele zikafifia, linatoka neno zito zaidi: "Wamembemenda." Maana yake wazazi hawakusubiri, wakarudiana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba anayenyooshewa kidole mara nyingi ni mama. Baba huwa hayumo kwenye kikao hicho.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Je, ni kweli kwamba yanayompata kiumbe utotoni ndiyo yanayoamua maisha yake ya ukubwani? Na kama ni kweli, mwenye kosa ni nani? Wataalamu wamehangaika na maswali haya kwa zaidi ya nusu karne. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya majibu imetoka hapa hapa Afrika Mashariki: Kampala, Gombe, Amboseli na milima ya Virunga. Imetoka kwa watoto wa watu na kwa watoto wa jamaa zetu wa msituni, yaani sokwe, nyani na gorila. Na sehemu yake isiyo ndogo iliandikwa kwanza kwa Kiswahili.

Najua kuna atakayeguna. Kwetu neno "nyani" ni tusi, na wapo wageni waliotutukana hivyo huku wakitutawala. Lakini ndugu msomaji, udugu na sokwe si wa Mwafrika peke yake. Bwana wa London na Mzaramo wa Kisarawe wako mbali na sokwe kwa umbali ule ule, wala hakuna aliyetangulia. Kwa hiyo tusome bila kinyongo.

KAMPALA, 1954

Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliotengwa na mama zao. Alisema mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu aliyeshika nafasi ya mama, kama anavyohitaji chakula. Wakati ule wengi hawakuafiki. Walidhani mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Miaka michache baadaye, huko Marekani, Harry Harlow aliwachukua watoto wa kima wa Asia akawapa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu. Matokeo aliyotangaza mwaka 1958 yaliwashangaza wengi. Watoto walikwenda kwa yule wa waya kunyonya, kisha wakarudi haraka kumkumbatia yule wa kitambaa. Kima waliokuzwa bila mama kabisa waliharibika: walijiuma, walijibembeza peke yao, na majike walipozaa hawakujua kulea.

Lakini Harlow alifanya yake ndani ya vizimba. Aliyetoka nje kwenda kutazama maisha yenyewe alikuwa Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia aliyewahi kufanya kazi na Bowlby. Mwaka 1954 alifika Kampala akimfuata mumewe aliyepata kazi ya utafiti huko. Akaanza kutembelea nyumba za Waganda vijijini, jumla familia 26 zenye watoto wachanga 28, akisaidiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka. Aliketi sebuleni, akatazama nani analia, nani anabebwa, nani anatambaa kwenda wapi. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake hathubutu kidogo: hutambaa mbali, akageuka kumtazama mama, akarudi kumgusa, akaondoka tena. Mama ni kama bandari, na mtoto ni mashua inayojifunza bahari.

Katika watoto wale 28, aliwahesabu 16 kuwa wametulia kwa mama zao, 7 kuwa na wasiwasi, na 5 ambao mapenzi hayo yalikuwa bado hayajajengeka. Tena aligundua jambo ambalo bibi zetu wangemwambia bure: kule kulelewa na watu wengi, shangazi, bibi na dada wakubwa, hakukumharibu mtoto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

FLO NA WANAWE

Wakati Ainsworth anaandika, upande wa pili wa ziwa lingine, huko Kigoma, kazi kubwa zaidi ilikuwa imeanza. Jane Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, akifuatana na mama yake mzazi, Vanne. Gombe wakati huo ilikuwa pori la akiba. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Dunia inakumbuka zaidi kwamba aliwaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti na majani. Lakini kwa suala letu, la maana zaidi ni ajuza mmoja mwenye pua pana na sikio lililochanika aitwaye Flo.

Flo alikuwa na wanawe kina Faben, Figan na binti, Fifi. Mwaka 1964 akamzaa Flint, na kwa mara ya kwanza wataalamu wakapata kumfuata mtoto wa sokwe wa msituni tangu siku zake za kwanza. Walichokiona ni mambo ambayo mama yeyote wa Keko angeyatambua. Flo alimtekenya mwanawe, alicheza naye, alimvumilia. Akitaka kumzuia jambo baya alimbembeleza kwa kumchezesha badala ya kumpiga. Mtoto wa sokwe hung'ang'ania tumboni kwa mama, baadaye hupanda mgongoni, hunyonya miaka minne hadi mitano, na hubaki akifuatana na mama yake miaka mingi baada ya hapo. Huo ndio muda wa shule. Anatazama nini kinaliwa, kiota kinasukwaje, nani wa kumwogopa.

Sasa tazama yaliyompata Merlin. Mama yake, Marina, alikufa mwaka 1965, Merlin akiwa na umri wa kama miaka mitatu. Dada yake, Miff, naye bado mtoto, akamchukua. Alimsafisha manyoya, akalala naye kiotani. Lakini Merlin alinyong'onyea. Alijibembeza peke yake, akajinyofoa manyoya, akawa hachezi na wenzake. Hata uvuvi wa mchwa ulimshinda. Alishika vijiti vifupi visivyofaa, kama mtoto mdogo kuliko umri wake. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ulipoingia Gombe, naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Halafu akaja Flint. Kwanza alikuwa mtoto aliyependwa kupita wote. Lakini Flo alikuwa amezeeka, meno yamelika mpaka kwenye fizi. Alipojaribu kumwachisha ziwa, Flint alipiga kelele, akampiga mama yake, na mama hakuwa na nguvu za kushikilia msimamo. Mwaka 1968 Flo alizaa tena, mtoto wa kike aliyeitwa Flame, na Flint hakuwa amekubali kuacha kubebwa. Flame hakufikisha hata mwaka. Flint akarudi mgongoni na kiotani kwa mama, akawa hivyo mpaka umri wa miaka minane, wakati wenzake wa rika hilo wamekwisha jitegemea. Agosti 1972 Flo alikutwa amekufa kando ya kijito cha Kakombe. Flint akakaa karibu na mahali pale, akakataa kula, akaugua. Wiki tatu hivi baadaye naye akafa.

Habari hiyo ilisomwa na dunia nzima. Hadithi ikawa tamu na nyepesi: Flo alimdekeza Flint, kwa hiyo Flint akafa. Mchelea mwana kulia, si ndiyo?

Basi tusimame hapo kidogo. Fifi naye alizaliwa na mama huyo huyo. Fifi alikua akawa mama hodari kuliko wote waliowahi kuonekana Gombe kwa wakati wake. Alizaa mara tisa, na watoto wake watatu, Freud, Frodo na Ferdinand, kila mmoja kwa zamu yake aliongoza jamii ya sokwe wa Kasekela. Mtoto wake wa mwisho aliitwa Furaha; wote wawili walitoweka mwaka 2004. Figan naye, mtoto mwingine wa Flo, alikuwa kiongozi miaka ya 1970. Mama mmoja, ziwa moja, kiota kimoja. Tofauti ni nini? Ni kwamba Fifi alimkuta mama mwenye nguvu, na Flint alimkuta mama mgonjwa na mchovu, mwenye mimba nyingine juu yake. Tabia ya Flo haikubadilika. Iliyobadilika ni hali yake.

PASSION, "MAMA MBAYA"

Kila hadithi ya mama mwema humtafuta mama mbaya. Gombe alikuwa Passion. Passion alikuwa mkavu kwa binti yake, Pom. Hakumchezesha sana, aliondoka bila kumsubiri, na mtoto ikabidi ajifunze mapema kukimbilia mgongo wa mama. Kisha, kuanzia Agosti 1975, Passion na Pom walionekana wakiwanyang'anya majike wenzao vichanga, wakawaua na kuwala. Walishuhudiwa wakifanya hivyo kwa vichanga vitatu, na walishukiwa kwa vingine. Hapo hukumu ikawa rahisi: mama mkatili amezaa binti mkatili.

Lakini miaka ilipita, na mwaka 2007 watafiti wa msitu wa Budongo, Uganda, wakatoa taarifa ya majike wa sokwe wakiua vichanga vya majike wageni. Huko hakukuwa na Passion. Kulikuwa na msongamano: majike wengi wameingia kwa pamoja na sehemu za kupata chakula zinagombewa. Hata ya Gombe yalipopitiwa upya yalianza kueleweka kwa namna hiyo hiyo. Majike wa sokwe wanaweza kugombea ardhi mpaka wakauana, bila kuhitaji kuwa wamelelewa vibaya.

Na kuna kipande kingine ambacho hakisimuliwi sana. Passion alipokufa mwaka 1982 aliacha mtoto wa miaka kama minne aitwaye Pax. Nani walimchukua? Pom, yule yule "binti mkatili," na kaka yao, Prof. Walitembea naye, walimngoja, walimlinda. Pax akaishi, akawa dume mzima. Je, huruma hiyo Pom aliitoa wapi kama nyumbani kwao hapakuwa na malezi?

DAFTARI LA KISWAHILI

Hapa inabidi nitaje jambo la historia ambalo mara nyingi hupitwa. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati ule, waliivamia Gombe wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote hatimaye waliachiwa, lakini wageni wakaondolewa na kazi ingeweza kufa palepale. Haikufa. Waliobaki msituni ni Watanzania, watu wa vijiji vya Kigoma: kina Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Alamasi. Wao ndio waliokuwa wakiwafuata sokwe toka alfajiri mpaka viota vya jioni. Mauaji ya Passion yalishuhudiwa na watu hao. Na maelezo yao ya kila siku, nani kala nini, nani kanyonya, nani kamnyima nani, waliyaandika kwa Kiswahili.

Madaftari hayo yaliletwa Dar es Salaam, nyumbani kwa Goodall ufukweni, yakatafsiriwa na kuchambuliwa. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1986 kimejengwa juu yake. Kwa hiyo mtu akikwambia Kiswahili hakiwezi sayansi, mwambie akaulize Gombe. Elimu ya dunia juu ya utoto wa sokwe ilipita kwanza kwenye kalamu za Waha na Wamanyema waliotembea pekupeku mabondeni.

Faida ya kuandika miaka mingi ni kwamba hatimaye unaweza kuhesabu badala ya kusimulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya yatima wote wa Gombe. Ulionyesha kwamba sokwe, awe dume au jike, akifiwa na mama kabla ya miaka mitano, au hata kati ya mitano na kumi wakati amekwisha acha kunyonya, nafasi yake ya kuishi hupungua. Kwa madume hasara hiyo iliendelea mpaka kwa wale waliofiwa kati ya miaka kumi na kumi na tano. Kumbe mama si maziwa tu. Hata Bowlby hakuwa na hesabu ya namna hiyo.

AMBOSELI: SI MAMA, NI MAISHA

Aliyelisogeza swali mbele zaidi ni nyani wa Amboseli, Kenya, chini ya kivuli cha Kilimanjaro yetu. Jeanne na Stuart Altmann walianza kuwafuatilia mwaka 1971, na kazi hiyo imeshikiliwa kwa miongo mingi na Wakenya kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa majike 196 ambao utoto wao ulikuwa unajulikana. Watafiti hawakuuliza kama mama alikuwa mwema au mbaya. Waliorodhesha shida sita: ukame katika mwaka wa kuzaliwa, kuzaliwa kwenye kundi lenye msongamano, mama wa daraja la chini, mama mpweke asiye na marafiki, mama kufa mapema, na mdogo wake kuzaliwa upesi mno.

Jike aliyepata shida moja tu, au asiyepata hata moja, alikuwa na bahati. Lakini aliyepata tatu au zaidi alikufa mapema kwa takriban miaka 10, na nyani hao wakifikia utu uzima huishi kama miaka 18 na nusu tu. Tena mwaka 2019 ikaonekana kwamba shida hurithiwa: jike aliyefiwa na mama yake utotoni, au aliyezaliwa akafuatwa haraka na mdogo wake, watoto wake mwenyewe hufa zaidi, ingawa wao hawakupata msiba huo.

Isome tena ile orodha, msomaji, halafu tazama mtaani kwako. Mdogo kuzaliwa upesi mno: si ndiyo kile ambacho wazee wetu walikiona wakakiita kubemendwa? Waliona kweli. Walichokosea ni kukigeuza kuwa hukumu ya zinaa na aibu, mtoto mgonjwa akawa ushahidi dhidi ya mama yake. Orodha ya Amboseli haina mahali pa aibu. Ukame haumtii jike yeyote. Daraja la chini hakulichagua. Msongamano hakuuleta yeye.

Sisemi nyani ni mtu. Mtu ana lugha, ana sheria, ana zahanati na uzazi wa mpango, na anaweza kupanga kesho. Nasema tu kwamba kama hata kwa nyani haitoshi kumtazama mama peke yake, basi kwa binadamu itatoshaje? Yule mama ntilie anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, akamwacha mtoto na dada yake wa miaka minane, ana mapenzi pungufu gani kuliko yule wa Oysterbay? Alichopungukiwa ni saa, pesa na mtu wa kumpokea mzigo.

WANAOPOKEA MZIGO

Na hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa ya huzuni. Mwaka 1987 ugonjwa kama nimonia uliua sokwe kadhaa Gombe. Miff, yule dada wa Merlin, alikufa akaacha mtoto wa miaka mitatu na kitu, Mel, mgonjwagonjwa, ambaye kila mtu alimhesabu kuwa ni wa kufa. Akatokea Spindle, kijana wa miaka kama kumi na miwili, asiye ndugu yake. Spindle mwenyewe alikuwa amefiwa na mama katika ugonjwa huo huo. Akambeba Mel mgongoni, akamgawia chakula, akamwingiza kiotani mwake, hata akadiriki kumwondoa mbele ya madume wakubwa wenye hasira na kupigwa kwa ajili yake. Mel akapona.

Mtu anaweza kusema huyo ni mmoja tu. Haya, twende Rwanda. Mwaka 2021 watafiti wa Karisoke walipitia kumbukumbu za miaka zaidi ya 50 za gorila wa milimani. Waliwatazama watoto waliofiwa na mama wakiwa na miaka miwili hadi minane. Kinyume cha sokwe na nyani, yatima hao hawakufa zaidi ya wenzao, wala hawakuchelewa kuzaa. Kwa nini? Kwa sababu kundi la gorila hukaa pamoja, na mama akifa, wenzake, hasa lile dume kubwa la mgongo wa fedha, humkaribisha mtoto alale na kushinda karibu nao. Na nyani wa Amboseli nao, kwa utafiti wa mwaka 2023, walionyesha kwamba urafiki wa ukubwani humwongezea siku hata yule aliyeteseka utotoni. Ya utotoni huacha alama, lakini si muhuri wa mahakama.

Tuliokulia Dar es Salaam miaka ya 1990 tunajua hili bila kusomea. Ukimwi ulipokuwa unazoa wazazi, nani walibaki na watoto? Mabibi wa Mtoni na Tandale, mashangazi waliokuwa na chumba kimoja wakaongeza mkeka. Wapo yatima walioharibikiwa, na wapo wanaotuendesha ofisini leo. Mara nyingi tofauti yao ni kama ile ya Merlin na Mel: nani alikuwapo wa kumpokea, na alikuwa na nguvu kiasi gani.

Mwaka 1991, kwenye kibaraza cha nyumba ile ile ya Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari za jijini walikaa na Goodall wakaanzisha chama cha vijana cha mazingira ambacho leo kimeenea nchi nyingi. Goodall mwenyewe alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Kwangu, kumuenzi hakuishii kwenye kupanda miti, ingawa miti ni mizuri. Ni kuacha ile tabia ya kukaa uani na kumhukumu jirani kwa sura ya mtoto wake. Mtoto wa chumba cha tatu akidhoofu, kabla ya kutamka lile neno, tuulize kwanza: mama yake kala nini jana? Ana nani wa kumwachia mtoto? Baba yuko wapi? Na mimi ninayeuliza, nimempokea mara ngapi?